Moto wa Nyumba Iliyotengwa

Tangu mumewe Sylvesta alipozikwa, hakuna mtu aliyempa Evarista kitu mkononi. Aliyemletea unga aliuweka juu ya jiwe mwanzoni mwa uwanja, akarudi nyuma, akapaza sauti, "Mama, unga huo!" kisha akaondoka bila kugeuka. Evarista alitoka, akainama, akauchukua. Akiwa na maharage ya kumpa mtu, naye aliyaweka chini, akarudi mlangoni na kungoja yaokotwe.

Hiyo ndiyo metimani. Nyumba ikifikwa na kifo kibaya, Wairaqw huitenga. Mwenye nyumba hupewa njia yake ya kupita na mahali pake pa kuteka maji, chini kabisa mtoni, wengine wakishateka. Ng'ombe wake hawachanganywi na wa jirani. Haingii harusini wala kwenye pombe. Haombi moto kwa mtu na mtu haombi moto kwake. Hukaa hivyo mpaka wazee waone kwamba kifo kimechoka na kuondoka.

Wala usidhani waliomtenga Evarista walikuwa wapagani. Walikuwa Wakristo wa kigango cha Kansay, waliobatizwa wakapewa majina ya watakatifu, na rozari zilining'inia shingoni mwao. Jumapili waliimba hadi mabati yakatetemeka. Lakini Sylvesta, katekista wao, aliuawa na mbogo porini. Siku walipomshusha kaburini waliimba wimbo wa ufufuko, na walipotoka hapo wakafunga kwa miba njia iliyokwenda nyumbani kwa mjane wake.

Nyumba hiyo ilikuwa jirani na kanisa, kwa kuwa ndiyo nyumba ya katekista. Jumapili Evarista alikaa mlangoni pake akasikiliza Misa ya wenzake kupitia ukuta wa udongo. Akijua wimbo aliimba, tena kwa sauti kubwa, makusudi, mpaka walio ndani wakapoteza mstari.

"Yule mwanamke hana haya," wazee walisema.

Haya alikuwa nayo. Kitu alichokosa ni woga.

*

Chanzo cha yote kilikuwa Kakesio, kwa Wamaasai wa Ngorongoro. Mwaka mmoja kabla ya msiba, Mmaasai mmoja wa huko aitwaye Senteu alifika Kansay na punda wake, akaketi nje ya kanisa mpaka Misa ikaisha. Kisha akamwambia Sylvesta kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Kwetu wako watu wanataka kusali. Hawajui kuanza. Tupeni mtu."

Watu walicheka. Mwiraqw aende kwa Wamaasai? Hao waliochukua ng'ombe wa babu zetu? Lakini usiku ule Sylvesta hakula, na Evarista hakumuuliza sababu, kwa maana hata yeye chakula hakikushuka. Baba yake Evarista alilima huko juu Ngorongoro kabla kilimo hakijakatazwa hifadhini, naye alikua akichunga ndama pamoja na wasichana wa Kimaasai, akaugua nao na kugombana nao. Kimaa, lugha yao, kilikuwa mdomoni mwake tangu meno ya utoto. Sylvesta alikuwa na cheti cha ukatekista, Evarista alikuwa na ulimi. Walipiga magoti kando ya mafiga wakamwambia Mungu, "Tutakwenda." Walisema wote wawili. Hakuna aliyemsemea mwenzake.

Sylvesta alitangulia ili asimamishe nyumba. Alikaa Kakesio mpaka kuta zikafika mwisho, kisha akarudi kumchukua mkewe. Mbogo akamkuta katika msitu wa ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Gari la padri ndilo lililomleta, amefunikwa shuka, na fimbo yake pembeni.

Krismasi ilipofika, Padri Clemensi alikuja kigangoni, na baada ya Misa akaketi na wazee. Evarista akasimama nje ya dirisha, maana ndani hakuruhusiwa.

"Padri," alisema kupitia dirishani, "naomba kutumwa Kakesio. Nyumba imebaki kuezekwa tu."

Mwenyekiti wa kigango alikuwa mzee Martini. Ndiye baba yake Sylvesta. Alikuwa mtu wa mabega mapana na maneno machache, na tangu mwanawe afe maneno yalipungua zaidi. Alijibu bila kutazama dirishani.

"Mungu alikuita pamoja na mumeo. Mumeo amekufa. Wito nao umekufa."

"Aliyeita hajafa, baba."

Wazee wakanong'ona. Padri Clemensi akavua miwani na kuifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Alikuwa mtu wa Mbulu, aliyezaliwa katika nyumba kama hizi, na alijua vizuri wanachoogopa. Kisha Martini akasema lile lililokuwa moyoni mwake.

"Lukresia ana mimba. Mbili zimeshaharibika. Hii ya tatu ndiyo iliyobaki, na Inosenti ndiye mtoto wa kiume niliyebaki naye. Huyu mjane akiachwa apite kila mahali na kifo mgongoni, kesho nizike nani tena? Avunje metimani, kisha mniulize mimi kwa nini nyumba yangu imekwisha?"

Neno hilo lilimchoma Evarista. Lukresia alikuwa mke wa Inosenti, shemeji yake, na walikuwa wamepikiana uji na kusukana nywele tangu siku ya kwanza ya ndoa zao. Sasa walisalimiana kwa mbali kama watu wa ng'ambo mbili za mto.

"Tusubiri, mwanangu," padri alisema. "Mavuno yakifika wazee watakuondoa kwenye metimani. Kigango kikikubali, nitakutuma. Siwezi kumtuma mtu ambaye watu wake wamemkataa."

"Padri, Ibrahimu alipoambiwa aondoke, alisubiri mavuno ya nani?"

Padri alivaa miwani yake, na ikaonekana wazi kwamba angependa kuwa mahali pengine.

*

Mwaka ule, themanini na tatu, madukani hamkuwa na kitu. Sabuni ilikuwa hadithi. Sukari ilikuja kwa mgawo na kuishia kwa wanaogawa. Na kiberiti, kitu kidogo kama kiberiti, kilikuwa adimu hata watu wakaacha kukitaja. Moto ulipozima nyumbani, mtu alishika kigae akaenda kuomba makaa kwa jirani, na jirani akampa, maana kesho ingekuwa zamu yake kuomba.

Evarista hakuwa na jirani wa kumwomba. Moto wake ukizima, umezima. Basi aliulinda kama mama anavyolinda mtoto mgonjwa. Jioni aliyafukia makaa kwa majivu na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, alfajiri akayafukua, akapuliza, macho yakamtoka machozi, mpaka wekundu ukarudi. Akipuliza aliimba wimbo alioutunga mwenyewe, na waliopita mbali mtoni waliusikia:

*Umeita naitika, wala sitarudi nyuma,*
*Kuni zangu zinawaka, na moto haujazima,*
*Hata kama wanicheka, sitasubiri huruma,*
*Nitakwenda nitafika, aliyeita ni Mwema.*

Lukresia alisimama siku moja upande wa pili wa miba, mtungi kichwani na tumbo mbele, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Dada, huchoki?"

"Nachoka sana. Kwani wewe na hilo tumbo huchoki?"

"Nachoka."

"Mbona hulitui?"

Lukresia akacheka kwa kuziba mdomo, akatazama nyuma kama kuna aliyemwona, akaondoka.

Kigango cha Kansay kilikuwa na desturi yake ya Pasaka, na aliyeianzisha ni Martini mwenyewe. Jumamosi Kuu, kabla ya mkesha, kila nyumba ya Mkristo ilizima moto wake. Walimwaga maji juu ya mafiga na kufagia majivu yote. Moto wa mwaka uliopita ukafa pamoja na dhambi zake. Jioni padri alibariki moto mpya mbele ya kanisa, akawasha Mshumaa wa Pasaka, watu wakawashiana, na ibada ilipokwisha kila mama aliondoka na kigae cha makaa yaliyobarikiwa hadi nyumbani. Desturi hiyo ilikuwa nzuri, na watu wa vigango vingine waliwaonea wivu.

Kwa ajili ya moto huo mpya Martini alitunza kiberiti kimoja tangu Krismasi. Hakikutumika hata mara moja. Alikitia mfuko wa ndani wa koti lake la kanisani, na kila Jumapili alikigusa kuhakikisha kwamba kipo.

Jumamosi ile mvua ilikuja mchana ikitokea upande wa ziwa Eyasi, na haikuja kwa mchezo. Gari la padri lilinasa kwenye tope. Martini, kama ilivyompasa mwenyekiti, alikwenda kumpokea, akavuka naye korongo maji yakiwafika kiunoni, amebeba kichwani sanduku la mavazi ya Misa. Mavazi yalifika makavu, na mshumaa mkubwa ulifika mzima ndani ya mfuko wa nailoni. Koti la mzee lilifika likichuruzika.

Kila mtu alikuwa amekwisha kuzima moto nyumbani kwake.

Evarista pekee hakuzima. Angeuzima kwa nini? Alikatazwa kuja mkeshani, na moto mpya asingepewa. Aliketi kando ya mafiga yake akasikiliza watu wakikusanyika hapo jirani, miguu ikipiga tope, watoto wakikohoa. Akangoja kusikia wimbo wa kwanza. Wimbo haukuja. Jua lilikuwa limekwisha kushuka nyuma ya milima, giza likaanza kujaa bondeni, na kanisani hapakuonekana nuru yoyote.

*

Alisikia miba ikisogezwa. Kisha akasikia hatua za mtu mzito, za mtu asiyetaka kusikika. Mzee Martini alisimama mlangoni pake, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, maji yakimtiririka kutoka kwenye ukosi. Mkononi alikuwa na kigae.

"Hujambo, mama."

"Sijambo, baba. Shikamoo."

"Marahaba." Akatazama makaa. Alikuwa akitetemeka kwa baridi, na Evarista alitaka kumwambia aingie aote moto, lakini aliona ni afadhali amwache aseme kwanza. "Kiberiti kimeloa," mzee alisema. "Tumekwangua njiti zote. Hakuna hata moja."

"Na mwingine hana?"

"Nani anacho? Wazee wote wanavuta ugoro puani. Hakuna mwenye sigara, hakuna mwenye kiberiti."

"Pole sana, baba."

"Nitilie makaa hapa." Akaweka kigae chini na kurudi nyuma.

Evarista hakuinuka.

"Hawajui nimekuja huku. Nimepita nyuma," mzee aliendelea. "Nitasema njiti moja imekubali. Moto ni moto. Padri ataubariki, na yataisha."

Hapo ndipo hasira iliyokuwa imelala kifuani mwa Evarista tangu Krismasi iliposimama wima.

"Kwa hiyo moto wangu unafaa, baba. Mimi ndiye sifai."

"Usinipe maneno. Watu wanangoja."

"Nami nangoja. Umewaambia kifo kimelala ndani ya nyumba hii. Kama kimo, kimo ndani ya haya makaa. Utaupelekaje moto wa kifo ukawashe mshumaa wa Bwana aliyefufuka? Na kama hakimo, mmenifungia njia kwa nini?"

"Evarista."

"Tena unataka uanze Pasaka kwa uongo. Mbele ya padri! Wewe mwenyekiti!"

Martini akafumba macho. Alipoyafumbua hakuwa mwenyekiti tena, alikuwa mzee aliyeloa. "Mwanangu," alisema polepole, "unadhani mimi napenda hivi? Nimemzika mmoja. Yule msichana tumbo lake limefika miezi ambayo halikuwahi kufika. Namwamini Mungu. Lakini naogopa. Hayo mawili yako ndani yangu, moja halitoki kwa sababu ya lingine."

"Najua, baba. Hata mimi naogopa mbogo." Evarista akasimama sasa. Akachukua kigae chake mwenyewe, akakitia majivu, akachagua makaa makubwa manne na kijinga cha mti wa mzeituni wa porini kilichowaka vizuri. "Nawapa moto. Siuuzi, sidai kitu. Lakini hautapita nyuma na hautapita mkononi mwa mtu mwingine. Naupeleka mimi, kwa njia ya mbele, na nitasema ulikotoka. Asiyeutaka na akae gizani. Ni haki yake."

"Watakufukuza."

"Walikwisha kunifukuza. Kuna kufukuzwa mara mbili?"

Akatanda khanga juu ya kigae ili mvua isiguse makaa, akampita mzee mlangoni. Alipoifikia miba hakuizunguka. Aliisukuma kwa mguu, ikaanguka mtaroni.

*

Kanisani watu walikuwa wamesongamana, kila mmoja akipumulia shingo ya mwenzake, mishumaa na vipande vya kuni kavu mikononi, vyote vikavu na baridi. Waliona kwanza wekundu unakuja kwenye mvua. Kisha waliona uso uliomulikwa na huo wekundu.

"Mungu wangu," bibi mmoja alisema. "Moto wa metimani."

Watu wakasogea kama maji yanavyolikwepa jiwe. Njia ikafunguka katikati, kutoka mlangoni hadi altareni. Evarista hakutarajia njia pana namna hiyo, akapita.

"Padri," alisema, "moto huu umetoka kwangu. Nimeutunza tangu Sylvesta afe, haukuzima hata siku moja. Nimeutunza nikiwa peke yangu, na sikuwa peke yangu. Aliahidi kuwa nasi, akawa nami. Hakuniambia, 'Nitakuwa nawe metimani ikiisha.' Kama mnaamini hivyo, huu hapa. Kama hamuamini, semeni, nirudi nyumbani nikapike."

Padri Clemensi alimtazama, kisha akatazama watu. Hakuna ajuaye alichokumbuka wakati ule, kama ni nyumba ya mama yake kule Mbulu au ni lile dirisha la Krismasi. Alishuka ngazi ya altare. Watu walitarajia amwambie aweke kigae chini. Hakusema hivyo. Alinyoosha mikono miwili akakipokea kutoka mikononi mwake, vidole vikagusana, na kanisa zima likasikika likivuta pumzi.

Moto ulibarikiwa. Mshumaa mkubwa ukashika.

"Mwanga wa Kristo," padri aliimba.

Walioitikia walikuwa wachache, na sauti zao zilikuwa za watu wanaovuka daraja bovu.

Desturi ilitaka mwenyekiti apokee wa kwanza, kisha awashie wengine. Martini alikuwa ameingia nyuma na kusimama mahali pake, mshumaa mkononi. Padri akamwinamishia ule mkubwa. Mzee akautazama mwali. Mkono wake haukuinuka. Nta ikaanza kudondoka sakafuni.

Kisha mtu akasimama katika safu ya wanawake. Alisimama kwa shida, akishika bega la jirani, kama anavyosimama mwanamke mwenye tumbo kubwa.

"Lukresia, kaa chini," Inosenti alinong'ona kutoka upande wa wanaume, kila mtu akamsikia.

"Nikae nifanye nini? Nyumbani tumezima. Unataka kesho ule ugali mbichi?"

Mtoto mmoja akacheka, mama yake akamfinya, lakini kicheko kilikwisha kuambukiza safu mbili za nyuma. Lukresia hakucheka. Alipita katikati ya watu na kipande chake cha kuni, hakwenda kwa padri. Alikwenda kwa Evarista, ambaye alikuwa amebaki na kijinga chake cha mzeituni mkononi.

"Lukresia, mtoto," Martini alisema. Yalikuwa maneno mawili tu, lakini yalisikika kama mtu anayeomba.

"Baba, mbili zilizoharibika, dada hakuwa metimani. Tulikuwa tunakula sahani moja. Nani alizichukua?" Akaweka mkono tumboni. "Mimi naogopa kuliko ninyi nyote. Ninalala nimelishika hili tumbo. Lakini kama Mungu ni wa kweli, ni wa kweli hapa. Kama si wa kweli hapa, tumekuja kufanya nini na mvua hii? Dada, niwashie."

"Una hakika, mdogo wangu?"

"Sina. Niwashie."

Evarista akainamisha kijinga. Kuni ya Lukresia ikatoa moshi, ikakataa, kisha ikashika. Yule bibi aliyelia "Mungu wangu" alikuwa wa pili, akasema kwa kunung'unika kwamba yeye ni mzee, kifo kikimtaka kinajua anapokaa. Baada yake walikuja wengi. Si wote. Watu wa nyumba tatu walitoka nje kimyakimya na kurudi kwenye mafiga yao baridi, na mpaka leo wako wanaosema walifanya vizuri.

Mwali ulipokwisha kuenea, padri alisema, "Krismasi nilisema nitamtuma huyu mama kigango kikikubali. Wanaokubali, inueni moto wenu."

Kanisa likawaka mpaka kwenye papi za paa. Martini alikuwa bado mahali pake, mshumaa wake mweupe haujaguswa. Hakuinua. Hakutoka pia.

*

Senteu alifika Jumatatu na punda wake, kama alivyokuwa amemtumia salamu padri kwamba angefika baada ya Pasaka.

"Takwenya!" alimsalimu Evarista.

"Iko!" Evarista aliitikia, na ulimi wake ukafurahi kama mtu anayevua kiatu kinachobana.

"Tumengoja sana. Watu wetu walianza kusema Mungu wenu anasafiri kwa gari tu, na petroli imekwisha."

"Mwenye gari ni padri. Mungu anatembea. Funga huo mzigo vizuri, unaning'inia."

Mzigo haukuwa mkubwa: sufuria, jembe, mablanketi, mbegu za mahindi na mbaazi ambazo alijua hataruhusiwa kupanda lakini akazichukua, na sanamu ndogo ya msalaba iliyokuwa ya Sylvesta. Lukresia alikuja kumuaga, akamkumbatia mbele ya watu wote kwa muda mrefu, tumbo likiwa kati yao. Mtoto akapiga teke, wote wawili wakaruka.

"Huyo anasema ondoka," Lukresia alisema huku analia.

"Moto nimeuacha ndani, unawaka. Utunze mpaka aje katekista mwingine. Na mzee je?"

Lukresia akatikisa kichwa. Tangu Jumamosi moshi haukuonekana juu ya nyumba ya Martini. Alimpelekea chakula, hakukigusa, kwa kuwa kilipikwa kwa moto ule. Alikuwa akinywa maziwa baridi na kutazama ukuta.

Punda wakasukumwa. Walipofika mwanzoni mwa uwanja, penye lile jiwe la unga, Evarista alimkuta mzee amesimama. Alikuwa amevaa koti la kanisani, limekauka na kujikunja. Mkononi alikuwa na fimbo. Evarista aliijua kabla hajaikaribia. Ndiyo iliyoletwa na gari la padri pamoja na maiti, na tangu siku ile mzee aliificha.

Martini aliilaza juu ya jiwe, akarudi nyuma.

"Ni ya mumeo," alisema. "Njia ni ndefu."

"Naijua. Niliipaka mafuta mwenyewe."

"Basi ichukue."

Evarista hakuinama. Alisimama wima mbele ya jiwe, mikono ubavuni. Senteu, ambaye hakuelewa, aliwasimamisha punda.

"Sichukui cha chini, baba," alisema. "Tangu Sylvesta afe nimeokota unga chini, nimeokota chumvi chini, nimeokota hata salamu zenu chini. Sikulalamika, mgongo ni wangu. Lakini fimbo ya mume wangu siiokoti. Ukitaka niwe nayo, nipe. Hutaki, naiacha hapo na ninakwenda bila fimbo. Kwenda, ninakwenda."

Upepo ulipita kwenye mahindi machanga. Mzee alitazama fimbo. Alitazama nyumba ya Inosenti, ambako Lukresia alisimama mlangoni ameshika kiuno. Uso wa mzee ulikuwa wa mtu anayetakiwa kuingiza mkono kwenye shimo asiloliona mwisho wake.

Akainama. Alikawia kuinuka, magoti yake hayakuwa ya ujana. Kisha akanyoosha fimbo mbele, ameishika ncha moja.

Evarista akashika ncha ya pili. Mzee hakuachia upesi. Wakasimama hivyo, mti mmoja kati yao, kila mmoja akisikia nguvu ya mwenzake.

"Utapita pale msituni," mzee alisema.

"Nitapita."

"Utasimama?"

"Nitasimama, nitasali. Kisha nitaendelea."

"Mwambie..." Hakumaliza. Akaachia fimbo, akageuka, akaanza kushuka kwa njia iliyokuwa imefungwa, akiikanyaga miba iliyoanguka mtaroni. Njia hiyo ilikuwa ikielekea kwenye nyumba ya katekista, kwenye mlango ulioachwa wazi.

Evarista hakungoja kuona kama ataingia au atapita. Aligonga fimbo mara moja kwenye lile jiwe, kwa nguvu, akamwambia Senteu kwa Kimaa, "Twende." Punda wakainua masikio. Mbele yao, mbali, ukingo wa kreta ulikuwa umefunikwa na wingu jeusi kama kawaida yake, na msitu ulikuwa ndani ya wingu lile, na mbogo walikuwa ndani ya msitu. Akaanza kuimba.